Mlango wa Thelathini na Moja

Kila Februari, joto likiwa bado limeng'ang'ania bati,
klabu hunipigia simu: Evdokia, lete brashi.
Nashuka ngazi. Harufu ya dawa ya misuli haijawahi kuhama.
Makabati yamesimama mstarini kama wanafunzi,
kila mlango na namba yake, na chini ya namba
majina ya wote waliowahi kuibeba mgongoni.

Baba ndiye aliyeianza kazi hii. Mkono wake naujua:
R yake inapiga goti, S yake imeshiba.
Juu kabisa, Dunstan, muuza maziwa.
Harradine, mechi mbili, kisha vita.
Terrick, ambaye gazeti lilimwita mgeni wa kuvutia,
yeye ambaye babu zake walivua mikunga mtoni hapo nje
kabla mto haujavishwa daraja
na kabla mtu yeyote hajazungushia nyasi uzio.

Kisha Mills.

Herufi tano. Nilikuwa na miaka kumi nilipong'amua
kwamba Mills ni baba mdogo, yule wa Jumapili,
anayemenya chungwa kwa kisu gamba lisikatike.
Kisiwani Kythera alibatizwa Miliotis.
Kocha alisema jina refu halikai kwenye ubao wa magoli.
Baba akaandika Mills kwa rangi ya dhahabu, mkono haukutetemeka,
na usiku ule mezani hakuomba hata chumvi.

Jina jema hung'ara gizani. Sawa.
Nani alizima taa?

Baada yake mkono ni wangu.
Yule Fiachra kutoka Donegal, aliyezoea mpira wa duara
na aliyelitukana yai letu hili wiki sita mfululizo
kwa kudunda kulia akiwa amekwenda kushoto.
Jina lake la ukoo lilikuwa na kistari juu ya O.
Nilipanda kiti nikakiweka.
Meneja akadhani ni tone la rangi, akataka kulifuta kwa kidole.

Mwaka huu ni kijana wa miaka kumi na tisa, soksi mguu mmoja.
Unatoka wapi? anaulizwa na mtu wa udhamini.
Werribee.
Hapana, yaani, asili?
Anafikiri kwa uaminifu kabisa.
Hoppers Crossing, anasema. Tulihamia Werribee nikiwa darasa la pili.
Baba yake anaendesha tramu. Bibi yake aliondoka Jaffna
na funguo za nyumba ambayo haina tena mlango.
Hayo aliniambia baadaye, rangi ikikauka.

Meneja anakuna shingo: tuandike Singam tu? Fupi, tamu.
Kijana anavua kiatu, anakilaza juu ya mlango,
anakisogeza mara moja, mara ya pili.
Unatosha, anasema. Nimeupima.

Thanabalasingam.
Nilianza karibu mno na ukingo wa kushoto kuliko nilivyofundishwa.
Nilibana pumzi kwenye B. G ilitaka kunikimbia.
M ya mwisho imeegemea bawaba;
kabati likifunguliwa, inakonyeza.

Jumamosi, robo ya tatu, upepo ukitoka upande wa bandari,
aliruka juu ya mabega ya mtu mzima na magoti yake,
akaudaka pale ambapo hewa huisha,
akaupiga katikati ya milingoti miwili mirefu.
Mtangazaji alilivamia jina, akajikwaa silabi ya tatu,
akarudi nyuma, akaanza upya kama mtu anayevuka mto kwa mawe.
Na safu ya K, mwanamke mwenye koti la kazi la hospitali
alimsahihisha, bila kupaza sauti, huku akifungua chupa ya chai.

Usiku nilimpigia baba mdogo. Ana tisini na moja, masikio nusu.
Herufi ngapi? aliuliza.
Kumi na tano.
Nikasikia kisu kikizunguka chungwa, taratibu,
kikasimama.
Na zimeenea?
Zimeenea.